Mzee Aliyesomewa Logi

Kabla hujamweleza kompyuta yako ina nini, Mzee alikuuliza kwanza, "Nani kagusa?" Hakujali wewe ni nani. Ungeweza kuwa mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati au karani wa ghala, umeshuka kwenye bodaboda umeipakata mashine iliyofungwa kwa kanga, swali lilikuwa hilo hilo. Na watu wote, nasema wote, walijibu jibu moja: "Hakuna aliyegusa, Mzee. Imejifia yenyewe." Mzee aliitikia kwa upole, "Poleni. Iwekeni hapo, tutaiuliza."

Kuiuliza kompyuta kulikuwa ni kusoma logi. Logi ni lile faili ambalo mashine huandika kila inachofanya, kwa saa na dakika na sekunde, kiwe cha heri au cha aibu. Wateja wetu wengi hawakujua kama lipo. Walidhani kompyuta ni kama ukuta, unaweza kuupiga teke nao usimwambie mtu. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi pale, cheti cha chuo kikiwa bado kinanukia wino, nilijua kwamba logi zipo ila sikuwahi kusoma hata moja nikaimaliza. Nilikuwa mtu wa kuzima na kuwasha.

Karakana yetu ilikuwa Kizota, katikati ya wachomelea mageti na mashine ya kusaga nafaka. Tulikuwa watatu: Mzee, mimi, na mwenzetu wa meza ya pili, mtu wa makamo aliyeamini kwamba hakuna ugonjwa wa kompyuta usiotibika kwa kufuta kila kitu na kuanza upya. Kazi iliyotuletea wateja wengi ilikuwa ya viraka, yaani yale marekebisho ambayo watengenezaji wa programu huyatuma kila baada ya muda ili kuziba matundu. Kiraka kikiingia vizuri hakuna anayekikumbuka. Kikikwama, mashine inakuomba usubiri, inazunguka weee, inarudisha kila kitu kilivyokuwa, na kesho yake inaanza tena. Mashine za namna hiyo mwenzetu alizifuta. Mzee alizisoma. Kizota nzima ilimwita Mzee wa Logi, na sidhani kama wale wachomelea mageti walijua logi ni nini. Nadhani walidhani ni jina la kijiji cha kwao. Kwao kulikuwa huko juu Kondoa, na ukimuuliza zaidi ya hapo alikujibu kwamba Kondoa inatosha.

Ila neno "alizisoma" linataka maelezo, kwa sababu Mzee alikuwa haoni.

Sisemi alikuwa kipofu. Alitoka mwenyewe nyumbani kwake, mtaa wa Kikuyu, akaja kazini, alijimiminia chai mwenyewe, na alikutambua kwa jinsi unavyokanyaga kizingiti. Lakini maandishi ya kwenye skrini kwake yalikuwa ukungu. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishamwambia kabla hata mimi sijaajiriwa kwamba upasuaji wake ni wa muda mfupi, na kwamba akiuacha, ukungu utazidi mpaka uwe giza. Mzee alimjibu kwamba atafikiri. Mwaka wangu wa sita pale alikuwa bado anafikiri.

Jambo hili alilificha kwa ustadi. Alitangaza kwamba katika karakana yake fundi anasoma logi kwa sauti. "Jicho linaruka mistari," alisema, "mdomo hauruki." Nami kwa ujinga wangu niliamini ni mbinu ya ufundishaji. Niliwasimulia hadi wenzangu wa chuo, nao wakaisifu. Nilikuja kugundua mwezi wangu wa tatu pale, siku niliyomkuta ameinama mbele ya skrini akitikisa kichwa kwa makini, "Mm, mm, naona," na skrini yenyewe ilikuwa imezimwa. Nikakaa pembeni yake, nikaiwasha polepole, nikaanza kusoma. Naye akainamisha sikio. Tukaendelea hivyo miaka sita, na naomba nikiri mapema kwamba niliipenda sana ile kazi ya kuwa macho ya mtu.

Ukianza kusoma logi toka mwanzo, alikukatisha. "Anzia chini."

"Imeshindikana," nikamsomea mstari wa mwisho, "na hapa kuna namba ya kosa."

"Hicho ni kilio. Umefika msibani umekuta watu wanalia. Kilio hakikwambii marehemu kafa na nini. Panda juu, mtafute aliyekuwepo."

Basi tunapanda. Mistari kumi, ishirini, wakati mwingine mia mbili, huku mashine ya kusaga ikinguruma nje na mimi nikipaza sauti kama mwadhini. Logi zimeandikwa kwa Kiingereza, ila Mzee hakuruhusu tufikiri kwa Kiingereza. Kila mstari aliniambia, "Sasa sema hapo imetokea nini, mwambie mama yako anayechambua mboga." Nikishindwa kuusema hivyo, alijua sijauelewa, na alikuwa sahihi kila mara, jambo lililoniudhi kila mara.

Kuna shule moja iliyoletewa kiraka kile kile mara saba na mashine yao ikakikataa mara saba. Mwenzetu wa meza ya pili alishashika kifaa chake cha kufutia. Mzee akanisomesha mpaka tukakuta mstari unaosema hati ya kiraka haikubaliki kwa sababu tarehe yake haijafika. Kumbe kile kibetri kidogo kinachotunza saa ndani ya kompyuta kilikuwa kimekufa, na mashine ilikuwa inaamka kila asubuhi ikidhani ni miaka mingi nyuma. "Unamletea mtu mjukuu na yeye hajaoa," Mzee akasema. "Atampokeaje?" Tukabadilisha kibetri, kiraka kikaingia bila ubishi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa ameshaandika barua ya kuomba kompyuta mpya, aliondoka na ile ile ya zamani akiwa amenuna kidogo.

Mwingine alikuwa bosi wa ofisi fulani mjini, mtu wa tai. Logi yake ilisema nafasi haitoshi. Nikatafuta kilichojaa humo, nikakuta video za harusi, moja baada ya nyingine, kuanzia kutolewa kwa bibi harusi mpaka wageni wakitafuta viatu. "Hakuna aliyegusa," bosi alisisitiza. Mzee akampa mkono. "Hongera sana, bwana. Huyu binti fundi wangu ananiambia bibi harusi amependeza. Ila kiraka kimekosa pa kukaa."

Alikuwa na nadharia yake kuhusu sisi na salamu zetu. Alisema mtu wa hapa ukimuuliza habari za asubuhi atasema nzuri, za nyumbani nzuri, watoto wazima, mvua tunamshukuru Mungu, ila mkubwa kavunjika mguu na nyumba imeezuliwa na upepo. Ukimkatisha kwenye "nzuri" ukaondoka, utaenda kusema kwamba kwake ni salama. "Logi nayo ina adabu zake," alisema. "Mistari mia ya kwanza ni salamu. Imeamka vizuri, imepata kiraka, imekifungua, inaendelea vizuri. Wewe tulia. Subiri 'ila'." Mpaka leo nikiongea na mtu kwenye simu najikuta nimetulia nikisubiri "ila" yake, na mara nyingi inakuja.

Kesi iliyompa jina hasa ilikuwa ya Makutupora, msimu wa zabibu. Kulikuwa na ghala la kupokea mavuno, na kompyuta yake iliunganishwa na mzani. Kila asubuhi wakulima wakishapanga foleni na kreti zao, kompyuta ilijifunga ikaanza kuomba isubiriwe. Zabibu iliyochumwa haisubiri, hasa kwa jua lile. Karani wa ghala alitupigia simu siku ya tatu akilia kabisa. Wakulima walikuwa wameanza kusema ghala lina mkono wa mtu, na mmoja alishapendekeza jina la mganga wa kwenda kumwona.

Tukaenda. Nikasoma mbele ya foleni nzima. "Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, kiraka kimeanza kuingia. Saa mbili na dakika tatu, umeme umekatika ghafla. Jumanne, saa mbili kamili, kiraka kimeanza. Saa mbili na dakika nne, umeme umekatika. Jumatano, saa mbili kamili…"

"Inatosha," Mzee akasema. "Karani, nani kagusa?"

"Hakuna, Mzee."

"Kuna mtu hapa kila siku kabla ya saa mbili na dakika tano anachomoa waya. Hajachelewa hata siku moja. Ni mfanyakazi mzuri sana huyo, natamani kumfahamu."

Foleni ikacheka. Karani akatazama viatu vyake. "Sasa Mzee, inaniambia nisubiri, na hawa wananiambia zabibu zinaoza. Mimi nimsikilize nani?"

"Hapo huna kosa. Ila nani aliiambia ianze saa mbili asubuhi?"

Karani akaniangalia mimi. Na hapo nikakumbuka. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwelekeza kwa simu, kwa haraka, aipangie mashine kujiwekea viraka saa nane usiku, watu wote wakiwa wamelala. Naye akafungua, akaona namba nane imekaa pale, akaichagua. Sisi tunahesabu saa zetu toka jua lichomoze. Mashine haijawahi kuliona jua. Nane yake ni saa mbili asubuhi, wakati foleni ndiyo inanoga. Nilianza kumcheka yule karani, nikacheka kwa sauti kubwa mbele ya watu wake, mpaka Mzee akaniuliza, "Ulimkumbusha kwamba mashine haihesabu saa kama sisi?"

"Hapana, Mzee."

"Basi na wewe umegusa."

Kompyuta ikatengenezewa saa yake, wakulima wakapima, tukaondoka na kreti ya zabibu ambayo Mzee aliila karibu nusu kabla hatujafika mjini, akitema mbegu dirishani bila kuangalia zinaangukia nani.

Huyo ndiye Mzee aliyekuwa mkali kwa watu wanaoahirisha viraka. Kuna kile kitufe kinachokuuliza kama uweke sasa au baadaye, na wateja wetu wote walikuwa wafuasi wa baadaye. Mzee aliwasimamisha kama watoto wa shule. "Ukibonyeza baadaye kila siku," alisema, "iko siku baadaye itakubonyeza wewe." Walitoka wamenywea. Na mimi nilikuwa nakaa pale, nimeshika kipanya kwa niaba yake, najua kwamba huyu anayewafokea wenzake ana macho mawili ameyabonyezea baadaye kwa miaka yote hiyo. Nilikuwa naona hasira, tena hasira ya kweli, halafu nilikuwa naona aibu kwa kumwonea hasira mzee wa watu.

Siku moja ikanitoka. Ilikuwa Ijumaa, ametoka kuswali, karakana imetulia kwa sababu mashine ya kusaga ilikuwa imeharibika.

"Mzee, na kiraka cha macho je? Utakiweka lini?"

Alivua kofia yake ya kuswalia, akaikunja taratibu. Nikadhani amekasirika.

"Binti," akasema, "kompyuta ikinifia katikati ya kiraka, nairudisha ilivyokuwa jana. Tumefanya mara ngapi hapa? Sasa jicho likinifia katikati, la jana nitalitoa wapi?" Akatafuta kikombe chake kwa vidole, akakipata. "Mashine iliyobandikwa nusu ni mbaya kuliko isiyobandikwa. Umeona mwenyewe. Mimi saa hizi naona ukungu. Ukungu nao ni kitu."

Nilikuwa nimemjua kwa miaka kadhaa kama mtu asiyeogopa kitu chochote chenye waya, na siku ile nikajua kwamba alikuwa anaogopa, sana, na kwamba alikuwa na sababu zake na zilikuwa zimepangika kuliko zangu.

Mke wake hakuwa na muda wa sababu zilizopangika. Sote tulimwita Mama, na alikuwa akija mara chache na chakula kwenye hotpoti. Siku aliyokuja kwa ajili yangu alikabidhi hotpoti, akaniita nje kwenye cheche za wachomeleaji, akasema bila kuzunguka, "Mwanangu, nakupenda, ila wewe ndiye unayemharibu mume wangu."

"Mimi, Mama?"

"Wewe. Nikimwambia twende hospitali ananijibu kazini anasoma vizuri tu. Anasoma kwa macho yako. Jana amemimina chai ya moto akidhani kikombe kipo, kumbe kipo kwenye beseni. Juzi kampa jirani shikamoo, jirani mwenyewe ni mjukuu wetu. Daktari alisema litafika giza. Likifika, utakuja na kwetu kumsomea mlango ulipo?"

Nikasema sijui nifanye nini. Akasema yeye anajua. "Acha kumsomea."

Kesho yake nikaja kazini nimefunga mtandio shingoni, nanong'ona, nasema sauti imekauka kwa vumbi. Ni uongo wa kitoto, nakubali, lakini vumbi la Kizota linaaminika. Mzee akanipa pole, akaniagizia tangawizi. Kisha akamwita mwenzetu wa meza ya pili amsomee. Mwenzetu alisoma mistari minne, akashauri tuifute. Akaachishwa kazi hiyo kabla ya saa nne.

Mzee hakusalimu amri. Akaagiza kompyuta ifungwe programu ya kusoma kwa sauti. Tuliipata, ya Kiingereza, yenye sauti ya mwanamume aliyechoka. Ile sauti haikuwa na akili ya kuruka kitu. Ilisoma kila nukta, kila mkwaju, yaani kile kimstari cha mshazari, kila sifuri, kwenye logi yenye sifuri nyingi kuliko maneno. Siku tatu karakana ilisikiliza "sifuri, sifuri, sifuri, nukta, mkwaju, sifuri" kwa Kiingereza, mpaka mchomelea mageti wa jirani akaja kuuliza kwa heshima kama tunafanya dua. Mzee alikaa mbele yake ameinamisha sikio, jasho linamtoka, hataki kuzima. Mimi nilikuwa mita mbili kutoka pale nikinywa tangawizi yake, na kila "sifuri" ilinichoma.

Siku ya nne akaja mwalimu wa taaluma, mama mmoja mpole, na kompyuta ya shule iliyogoma kumeza kiraka. Ndani yake kulikuwa na alama za wanafunzi wote za muhula ule. Mzee alisikiliza logi, akaelewa, akaamua kuirudisha mashine ilivyokuwa kabla kiraka hakijaanza. Ulikuwa uamuzi sahihi. Mashine ikaonyesha orodha ya tarehe za kurudi, na tarehe mbili zilikuwa zimefuatana, moja ya juzi, nyingine ya tangu mwaka uliopita. Mwenzetu alikuwa ametoka kununua karanga. Mzee hakuisubiri ile sauti imalize. Aliinama mpaka pua ikagusa kioo, akachagua, akabonyeza. Mimi niliona kidole kikienda. Kwa nusu sekunde nikakumbuka kwamba sauti yangu imekauka.

Mashine ikawaka vizuri. Mwalimu akafungua faili lake la alama, akafungua tena, akasema, "Mzee, shikamoo. Mbona hapa kuna darasa la mwaka jana?"

Nakala nyingine hakuwa nayo, na ile iliyokuwemo tulishaifunika. Nikaizima ile sauti iliyochoka. Mzee akaweka mikono yake magotini, akauliza swali lake, taratibu, kama alivyowauliza watu wote.

"Nani kagusa?"

Mwalimu akanitazama mimi.

"Binti. Soma."

Nikavua mtandio. Nikasoma, kwa sauti yangu kamili, jina la aliyeagiza, ambalo lilikuwa "fundi", saa aliyoagiza, na tarehe aliyoichagua. Nikausoma mstari wote bila kuruka kitu.

"Nimegusa mimi," Mzee akasema. Akamgeukia mwalimu. "Mama, kosa ni langu. Mashine haina kosa."

Bahati ilikuwa karatasi zenye alama bado zipo shuleni. Tulikaa siku mbili kwenye ofisi ya walimu, mwalimu akisoma alama, mimi nikichapa, na Mzee akigeuza karatasi moja moja kwa vidole, kazi pekee tuliyoweza kumpa. Hakulalamika. Siku ya pili tukitoka, nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, sauti yangu haikukauka."

"Najua. Nilikusikia unagombana na muuza machungwa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka nione nitafika wapi mwenyewe." Akatembea hatua kadhaa, mkono begani kwangu. "Nimefika."

Wiki iliyofuata Mama akanipigia simu. Mzee amekubali kwenda hospitali, ila ana sharti: niwepo mimi, na karatasi ya kukubali upasuaji nimsomee yote kabla hajaweka saini. Nikaenda. Daktari alikuwa dada mdogo kuliko nilivyotarajia, akampa shikamoo, Mzee akaitikia marahaba, halafu nikaisoma karatasi toka juu mpaka chini, na yeye akinisimamisha kila mstari kuuliza hapo wanamaanisha kutokea nini. Watu kwenye benchi la nje walianza kuchungulia. Daktari alivumilia kuliko ambavyo ningevumilia mimi.

"Daktari," Mzee akasema mwishoni, "mkikwama katikati, mnarudishaje?"

"Baba, huwa haturudishi. Huwa tunamaliza."

Mzee akatafakari jibu hilo. Nikaona limempendeza kidogo, ila halijamtosha.

"Na mkimaliza vibaya?"

"Ndiyo maana hatufanyi yote mawili siku moja. Tunafanya moja, tunaliacha lipone, tunaona limekaaje. Hili lingine tunakuwa hatujaligusa."

Mzee akainua kichwa. "Hamjaligusa kabisa?"

"Kabisa."

"Kumbe mnaacha nakala!"

"Tunaacha jicho, baba."

"Na utaratibu huo mmeanza lini?"

"Ni wa siku zote. Mbona uliandikiwa kwenye karatasi uliyopewa mara ya kwanza ulipokuja? Naona hapa ilitolewa."

Mama akauliza, "Karatasi gani?" Mzee akajikohoza. Karatasi ilikuwepo, alisema, aliikunja siku ile ile akaitia ndani ya sanduku, kwa sababu angempa nani amsomee bila kujulikana kwamba haoni? Nilitaka kucheka na kicheko kikakataa kutoka. Mtu aliyenikataza kuruka hata mstari mmoja wa mashine za watu, karatasi yake mwenyewe ilikuwa kwenye sanduku miaka yote ile haijasomwa, na jibu la hofu yake lilikuwa humo humo. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. "Weka saini," akasema. Mzee akaweka.

Siku ya kufunguliwa bandeji tulikuwa watatu tena, pamoja na muuguzi. Ilikuwa asubuhi, dirisha liko wazi. Muuguzi aliifungua taratibu, akamfuta, akamwambia afumbue bila haraka. Mzee akafumbua. Akatazama dirisha. Akatazama mikono yake, huku na huku. Akasoma kwa sauti tangazo la kunawa mikono lililokuwa ukutani, akalisoma lote, pamoja na jina la mchapishaji kwa chini. Kisha akanitazama mimi, toka kichwani mpaka miguuni.

"Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Nilidhani u mrefu," akasema, na nikaona amesikitika kweli. "Ile sauti ni ya mtu mrefu."

Muuguzi akacheka, nami nikacheka mpaka machozi. Mzee naye alikuwa anacheka alipogeuka upande wa pili wa kitanda, ambako mke wake alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani. Kicheko kikamwishia. Akamtazama muda mrefu, nywele, paji la uso, mikono iliyoshika mkoba, kisha uso tena.

"Mke wangu," akasema, "umezeeka."

Mama hakukasirika. Alikuwa anatabasamu. "Ulidhani nakusubiri?"

"Hakuna aliyeniambia."

Mama akaweka mkoba chini, akavuta kiti mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akakaa mbele yake, akarudisha mtandio nyuma ili uso wote uonekane. Muuguzi akaanza kukunja bandeji ambayo ilikuwa ya kutupwa. Mimi nikasema naenda kununua maji, ingawa pale mezani kulikuwa na chupa mbili ambazo hazijafunguliwa.